Pombe ya Jembe, Pombe ya Kiti

Haya si ya hapa. Ya hapa nayajua, ndiyo maana nasimulia ya kule. Kule ni nchi ya mbali sana, ambayo ukifungua redio yao asubuhi utadhani ni ya kwetu, lakini siyo, na atakayesema ndiyo, shauri yake.

Katika nchi hiyo majira hayaji yenyewe. Yakija yenyewe huhesabiwa kuwa yamevamia. Masika huanza siku anapotangaza Mheshimiwa Mlezi wa Majira Yote. Mvua ikinyesha kabla ya tangazo huitwa unyevu wa maandalizi, na mwananchi aliyeloweshwa na unyevu huo hushauriwa akauke bila kulalamika. Jina hilo la Mlezi lina asili yake. Zao kuu la nchi ni ulezi, na watoto wa shule huimba kila asubuhi kwamba bila Mlezi hakuna ulezi. Mwalimu mmoja aliwahi kusema kwamba ulezi ulikuwako hata kabla ya Mlezi kuzaliwa. Sasa anafundisha mahali ambako hakuna watoto.

Chama cha Mheshimiwa alama yake ni Kiti. Zamani kulikuwa na chama kingine, alama yake Jembe, nacho kilifutwa kwa upendo mkubwa. Majembe yenyewe hayakufutwa, maana watu lazima wale, ila ilionekana ni adabu kuyabeba ukiwa umeyageuza uso chini.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Majira, Vinywaji na Kazi za Nje. Usicheke. Zipo nchi zenye wizara za ajabu kuliko hiyo, na hazina hata pombe. Kazi ya wizara ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mwananchi anayefanya kazi nje, juani au mvuani, anakunywa pombe inayolingana na majira. Ndani ya wizara hiyo, kwenye meza iliyo karibu na choo, alikaa Anselmi Mkwizu, mzaliwa wa bonde la Mtonya, kijana wa makamo aliyependa mambo mawili: kupanda cheo, na mama yake. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mambo hayo mawili yatakutana njiani na njia isiyatoshe.

*

Huko Mtonya mtu mwenye kazi kubwa hapigi mbiu. Anapika pombe. Harufu ya kimea ikitoka tu, majirani wanajua kwa fulani kuna kazi, nao huja na majembe yao. Lakini si kila pombe ni ya kila kazi, wala ya kila wakati. Kiangazi, watu wakiezeka nyumba, hupikwa ya ndizi, tena nyepesi kabisa, kwa sababu anayeezeka akiwa na kichwa kizito hushuka kabla ya kuiona ngazi. Kipupwe, wakati wa kupasua mbao kule juu, hunywewa ya asali, ya moto, kwa vikombe vidogo. Na inapokaribia masika, wakati wa kulima na kuchimba, hupikwa pombe ya jembe.

Pombe ya jembe ni ya ulezi, changa, ina uchachu kidogo, haijapata muda wa kujifunza ujeuri. Hunywewa wima, kata moja kila umalizapo ngwe yako, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mpini. Dada yake ni pombe ya kiti. Hiyo ni ya mtama, nzito, imekaa mtungini mpaka imekomaa, na hunywewa jioni na mtu aliyemaliza kazi, akaoga, akakaa. Wamtonya wana msemo wao: ya jembe hainywewi umekaa, ya kiti hainywewi hujachoka. Mambo ndiyo hayo tu. Mtoto wa Mtonya huyajua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Wizara haikuyajua. Siku moja wataalamu wake walirudi kutoka safari ya utafiti wakiwa na nyuso za msiba, wakamwambia Waziri, Daktari Zefania Malembeka, kwamba katika bonde la Mtonya wananchi wanakunywa jembe hadharani, tena mchana kweupe.

Waziri aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia viwanda.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa linalolala limekunywa jembe, litaamka na nini? Litaamka na jembe! Huu ni uasi. Ni uasi mwepesi, wenye povu, lakini ni uasi. Na ninaambiwa huko huko wanayo pombe nyingine, nzuri, nzito, yenye heshima zake, iitwayo pombe ya kiti. Pombe ya Kiti, ndugu zangu! Hiyo wanaifichia jioni, kama vile Kiti ni kitu cha aibu!" Akafuta jasho. "Hapa nani anatoka Mtonya?"

Anselmi alisimama.

"Ni kweli watu wa kwenu wanakunywa jembe?"

Jibu lilikuwa jepesi. Angeweza kusema, Mheshimiwa, ni jina tu, ni jembe la kulimia, na kiti ni kigoda cha jikoni. Lakini mbele yake kulikuwa na nafasi wazi ya Afisa Mkuu wa Ulinganifu wa Pombe, yenye gari na dereva. 

"Ni kweli, Mheshimiwa Waziri," alisema. "Wanakunywa tangu asubuhi."

Hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana alipandishwa cheo siku ileile.

*

Amri ilitoka. Pombe ya jembe ikapigwa marufuku nchi nzima. Kazi zote za nje, za majira yote, zitafanywa kwa pombe ya kiti, kuanzia asubuhi, kwa uzalendo. Anselmi alikabidhiwa kata ya serikali ya kuchotea pombe, ya shaba, yenye nembo kwenye mpini, akatumwa Mtonya kusimamia mfano wa kuigwa.

Redio ilitangaza kwamba afisa mpya anakwenda bondeni na kata yake. Bwana Sadoki, aliyekuwa mtendaji wa kata hiyo kwa miaka mingi, alisikia tangazo hilo akajua amekwisha. Akafunga virago, akauza kuku wake, akaaga majirani. Gari lilipofika, Anselmi akashuka na kata mkononi, Bwana Sadoki aliitazama ile kata ya shaba, akamtazama Anselmi, akaitazama tena.

"Ndiyo kata yenyewe hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Ya kuchotea?"

"Ya kuchotea."

Bwana Sadoki alilia kwa furaha. Tangu hapo akawa mtumishi mwaminifu wa amri, ingawa kuku wake hawakurudi.

Anselmi alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Bi Theodosia alikuwa anachuja kimea, kanga imefungwa kiunoni, mikono imelowa hadi viwiko. Alikuwa mpishi wa pombe aliyeogopwa bonde zima, na hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Mwenyewe husema unyenyekevu ni wa watu ambao pombe yao haijaiva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Umekuja na jembe?"

"Mama! Neno hilo lina kesi siku hizi."

"Basi umekuja na nini, na mto unakuja?"

Anselmi akamwonyesha kata. Mama yake akaigonga kwa ukucha, akaichungulia ndani. "Inang'aa," akasema. "Haina kina."

Kando ya mafiga kulikuwa na kigoda. Kila mgeni aingiaye kwa Bi Theodosia, hata mdai, hata polisi, huambiwa karibu kiti kabla hajafunga mdomo wake. Anselmi alikitazama kile kigoda. Mama yake aliona anavyokitazama, akaendelea kuchuja.

"Mama, hata kiti hunikaribishi?"

"Kiti ni cha aliyechoka. Wewe umechoshwa na nini?"

"Safari, mama."

"Gari ndilo lililosafiri. Likaribishe lenyewe."

Maneno hayo yalimuuma Anselmi kuliko alivyotegemea. Alibaki amesimama na suti yake, moshi unamwingia machoni.

*

Hapa lazima niseme habari ya tuta, maana ndiyo roho ya mambo yote.

Mto Mtonya hauna adabu. Msimu uliopita uliruka kingo, ukala mashamba ya chini na nyumba nzima ya jirani, na mwenye nyumba alibaki ameshika komeo tu. Watu wakakubaliana kujenga tuta kubwa la udongo kuuzuia. Walikuwa wamefika nusu. Nyumba ya kwanza chini ya tuta hilo ilikuwa ya Bi Theodosia, na nyuma ya jiko lake lilikuwa kaburi la mumewe, baba yake Anselmi. Tuta lisipokamilika kabla ya mvua kubwa, mto ungeanzia hapo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya amri, watu walikusanyika kwenye tuta asubuhi, mapipa ya pombe ya kiti yamepangwa, Bwana Sadoki anaita majina, na Anselmi anachota kwa kata ya serikali. Watu walisita. Mzee Kornelio, fundi wa kupanga udongo, aliinusa ile pombe akarudisha uso nyuma.

"Baba Afisa, hii ni ya jioni."

"Ni ya uzalendo, mzee wangu. Kunywa."

"Uzalendo huu utanilaza."

"Kunywa, mzee."

Akanywa. Wakanywa wote. Jua halijapanda vizuri, kazi ilikuwa imechangamka kupita kiasi. Watu waliimba. Vijana wawili walichimba kwa nguvu za ajabu, lakini walichimba tuta lenyewe, wakitoa udongo pale jana yake walipouweka. Mzee Kornelio alikumbatia jiwe akiliomba msamaha kwa habari ya mahari. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakalala palepale, majembe yakiwa vifuani, na Bwana Sadoki akaendelea kuita majina na kuitikia mwenyewe.

Kila siku ikawa hivyo. Tuta likawa linapungua kwa bidii. Anselmi alipigiwa simu na Waziri kuulizwa hali ya wananchi.

"Wametulia, Mheshimiwa Waziri," alisema Anselmi, akiwatazama wanavyokoroma.

"Wametulia kabisa?"

"Kabisa. Hakuna hata mmoja anayeinua kichwa."

Jioni redio ilisifu bonde la Mtonya kwa amani na utulivu, na wilaya nyingine zikatakiwa kuiga.

*

Kisha mto ukabadilika rangi. Watu wa Mtonya hawahitaji redio kwa hilo. Maji yakiwa mekundu, kule milimani mvua inapiga. Juu ya bonde palikuwa na unyevu wa maandalizi ulioanza asubuhi na kuangusha mgomba.

Anselmi alikwenda mbio kwa mama yake. "Mama, fungasha. Nakupeleka mjini. Gari liko nje."

"Mjini nikafanye nini?"

"Ukae, mama! Ukae tu!"

"Nyinyi mna ugonjwa wa kukaa." Bi Theodosia alikuwa anapanga kuni kana kwamba anajibu habari ya bei ya chumvi. "Baba yako amelala pale nyuma ya jiko. Nimwachie nani? Kambare? Mimi sihami. Kama kuna kitu cha kuhamishwa, ni udongo, uhame kutoka shimoni uende kwenye tuta. Na udongo hauhamishwi na walevi. Unajua hivyo tangu ukiwa unakojoa kitandani."

"Najua, mama."

"Na ulipoulizwa ulisema nini?"

 Anselmi aliona haya, tena haya ya utotoni, ile inayopanda kutoka miguuni. Na aliogopa. Kule hofu ya maofisa haitangazwi, lakini mimi naitangaza: aliogopa sana. Alimwona mama yake ndani ya maji mekundu, kanga imefungwa kiunoni, anagomba na mto.

Sasa, katika nchi ile kuna kanuni moja ambayo kila mtumishi huijua hata kama haikuandikwa. Kubadili jambo kunahitaji kibali cha Waziri, na kibali huchukua msimu mzima. Lakini kubadili jina la jambo ni madaraka ya afisa yeyote mwenye gari. Ndivyo njaa ilivyopata kuitwa mfungo wa hiari, na daraja lililovunjika kuitwa kivuko cha wazi. Anselmi alisimama pale jikoni, akakitazama kigoda, akalitazama jembe la mama yake lililoegemea ukuta. Akatoka nje bila kuaga.

Mkutano ulifanyika mvuani.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema Anselmi, "kuanzia sasa kile chombo cha chuma chenye mpini, kinachotumika kulimia na kuchimbia, kitaitwa kiti."

Watu walitazamana. Mzee Kornelio akanyoosha mkono.

"Na kiti, baba, kile cha kukalia?"

Hilo Anselmi hakuwa amelifikiria. "Hicho," alisema, "hakina jina mpaka itakapotangazwa."

"Basi nitakaa kwenye nini?"

"Kwenye hicho."

"Ala! Na pombe?"

"Amri ni ileile, mzee wangu. Pombe ya kiti, asubuhi hadi jioni. Ile pombe ya watu walioshika kiti mkononi."

 Kisha Bi Theodosia, aliyesimama nyuma kabisa, akaangua kicheko ambacho watu wa Mtonya wanakiiga mpaka leo. "Basi pombe ya kiti ninayo, tena changa!" alisema. "Njooni na vibuyu!"

Lo! Mtu hajaona kazi. Watu walishika viti vyao wakashuka machimboni. Ungesikia, "Nolea kiti changu!" na "Kiti kimetoka mpini, nipe gogo!" na "We bwana, usiniangushie kiti mguuni!" Kila mwisho wa ngwe kata ya shaba ilipita, ikizama vizuri ingawa haikuwa na kina, na mtu akanywa wima, akafuta mdomo, akarudi shimoni na akili zake timamu. Bwana Sadoki alimkamata mtu mmoja aliyeteleza ulimi akasema jembe, akamwachia kwa onyo. Tuta likapanda. Likafika kiunoni, likafika kifuani, na mto nao ukawa unapanda upande wa pili.

*

Lilibaki pengo moja tu, upana wa lango la ng'ombe, ndipo simu ilipoingia. Mheshimiwa Mlezi wa Majira Yote amefurahi. Amesikia kwamba hakuna mahali nchini panapokunywewa pombe ya Kiti kwa wingi kama Mtonya. Anakuja kujionea. Na lile pengo lisizibwe, kwa sababu ndimo msafara utakamopita.

"Lakini mto, Mheshimiwa Waziri," alisema Anselmi.

"Masika yametangazwa?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi mto upi?"

Msafara ulifika, magari yakapita kwenye pengo yakirusha tope. Maji nayo yalikuwa yameanza kupita, membamba, yakitangulia kuchungulia. Watu walipangwa mistari, viti vyao vimewekwa chini, maana itifaki inakataza kazi yoyote mbele ya Mheshimiwa. Ruhusa ni kupiga makofi tu. Waziri Malembeka alihutubia juu ya utulivu. Alihutubia sana. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, naye akasema kwamba huo ni unyevu uliokusanyika kumlaki mgeni. Anselmi hakumsikiliza. Alikuwa anatazama nyumba ya mama yake na maji yanavyoizunguka ngazi ya kwanza.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mzee mfupi, chini ya mwavuli mkubwa. Miguu ilikuwa inamuuma. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo kwa bahati mbaya iliingia kwenye vipaza sauti na kusikika nchi nzima:

"Jamani, nimesimama muda wote huu, hakuna hata wa kunikaribisha kiti?"

Walinzi walihaha. Na kabla hawajahaha vya kutosha, Bi Theodosia alikuwa ameshatoka kwenye mstari, ameinama, ameokota jembe lake, amelifuta tope kwa pindo la kanga, na kulishika kwa mikono miwili kama inavyopasa kumpa mgeni kitu.

"Karibu kiti, baba," alisema.

 Mto ndio uliosikika.

"Hiki nini?" aliuliza Mheshimiwa.

Waziri Malembeka alikuwa amegeuka rangi. "Mkamateni huyu mama! Hilo ni je—" akajishika mdomo, maana neno lenyewe lilikuwa kosa, na vipaza sauti vilikuwa wazi.

Hapo Anselmi Mkwizu alifanya jambo ambalo hakulifanya alipoulizwa mara ya kwanza. Akasogea, akasimama kando ya mama yake, akajibu alichoulizwa.

"Ni kiti, Mheshimiwa. Kwa tangazo halali. Bonde zima limeshika kiti. Na hii pombe unayoisikia harufu yake ndiyo ya kiti."

Mheshimiwa alilitazama lile jembe. Sasa ielewe taabu ya mzee huyu. Maisha yake yote alikuwa ameapa mbele ya umma kwamba kiti hatakikataa, hatakiacha, wala hatampa mtu mwingine akishike. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Akisema sikitaki, basi amekikataa kiti kwa kinywa chake mwenyewe, na nyuma yake palikuwa na mawaziri wasiopungua wanne wenye mikono miepesi ya kupokea. Mmoja alikuwa ameshainyoosha.

Mheshimiwa akakishika kiti.

Alikishika kwanza kama fimbo. Kisha vidole vikakumbuka kitu. Inasemekana zamani sana, kabla ya majira kuwa yake, alikuwa mtoto wa mtu mwenye shamba. Akatembea hadi kwenye pengo, walinzi wanamfuata na mwavuli, akainua, akashusha, akavuta udongo mwekundu ukaanguka majini.

Na itifaki ya kule inasema hakuna mtu kusimama bure pale Mheshimiwa anapofanya kazi. Watu wa Mtonya waliruka kwenye viti vyao. Mawaziri, ambao hawakuja na viti, walichimba kwa mikono, na Daktari Malembeka alibeba udongo kwenye kofia yake ya sherehe. Anselmi alivua koti la suti, akalijaza tope, akalitupa kwenye pengo, akashika jembe la Mzee Kornelio na kuchimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakutazama kama kuna anayemtazama. Maji yalisukuma, udongo ukasukuma, na mwishowe pengo likaziba.

Bi Theodosia alipita na kata. Mheshimiwa alinywa akiwa wima, mkono mmoja kwenye mpini, jasho na mvua vinamtiririka usoni. Akanywa yote. Akavuta pumzi.

"Hii ndiyo ya kiti?"

"Ya kiti ulichokishika, baba."

Mheshimiwa alifikiri kidogo. "Na ile ninayokunywa kule siku zote, ni ya nini?"

 Alirudisha kata, akasaidiwa kuingia garini. Ilibidi msafara uzungukie njia ya milimani, maana tuta lilikuwa limekamilika.

Usiku ule Mto Mtonya ulikuja wote. Tuta lilishika.

*

Baada ya wiki masika yalitangazwa, watu wakaruhusiwa kuloa. Redio ilieleza kwamba Mheshimiwa amegundua chombo kipya cha kuchimbia. Huko Ikulu kukazuka mjadala mzito: ikiwa kiti ni kile cha mpini, je, Mheshimiwa anakalia nini? Wataalamu walikesha, jina halikupatikana, na kukalia kitu kisicho na jina kukaonekana ni hatari kwa dola. Baraza la mawaziri likaanza kukutana kwa kusimama. Vikao vikawa vifupi, na wapo wanaosema nchi ilianza kwenda vizuri kidogo, lakini hilo halijathibitishwa.

Anselmi alishitakiwa. Kosa lake lilisomwa kwa sauti kubwa: kugawa kiti kwa wananchi, kila mtu chake. Katika historia ya nchi ile hakuna aliyewahi kufanya uhaini mpana namna hiyo. Hawakumfunga, kwa sababu Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amekipokea kile kiti mbele ya nchi nzima, na ushahidi wa kwanza ungekuwa yeye. Walimnyang'anya cheo, gari, dereva na ile kata ya shaba, wakamwambia aende zake.

Alikwenda kwa miguu. Alifika Mtonya jua likiwa linashuka nyuma ya tuta, viatu mkononi, malengelenge ya viganjani yameanza kuwa magumu. Akasimama mlangoni pa jiko, hakuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Theodosia alimtazama toka nyayo hadi utosini. Akatazama na viganja. "Karibu kiti."

Anselmi alibaki amesimama. Ukutani liliegemea jembe. Kando ya mafiga kilikuwapo kigoda. Alitazama huku, akatazama huku, asijue mkono aupeleke wapi.

"Kipi, mama?"

Mama yake alikisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia. "Cha kukalia," alisema. "Cha kushika utakishika kesho."

Kisha akafungua mtungi wa pembeni, ule wa mtama, uliokaa muda mrefu bila kuguswa, akamchotea kibuyu kilichojaa hadi mdomoni. Anselmi akakipokea kwa mikono miwili, akakaa.